Pete Isiyooshwa

Gurudumu la upepo la Kikwajuni lilikuwa na mapanga kumi na manane ya bati, kila panga likimkaribia mtu mzima kwa urefu, na lilikaa juu ya mnara wa chuma ulioipita minazi yote ya jirani. Bi Shariffa, mjane wa Kiarabu aliyebakiwa na mashamba mawili ya karafuu na moyo mpana, ndiye aliyeliagiza kutoka nchi za mbali, akaliweka juu ya kisima alichokitoa wakfu. Upepo ukivuma, gurudumu lilizunguka, fimbo ndefu ikapanda na kushuka katikati ya mnara, na maji yakamiminika birikani bila ya mtu kushika kamba. Wanawake wa Ng'ambo walikinga mitungi huku macho yako juu, na mitungi ikafurika wenyewe hawana habari.

Simai, sonara, alikuwa na kiduka chake mjini, hatua chache kutoka darajani. Mara ya kwanza alipokwenda kuliona gurudumu hilo alisimama mpaka adhana ya alasiri ikamkuta pale pale, kisha akarudi nyumbani bila ya mwavuli wake, na alipoulizwa uko wapi hakukumbuka kama alitoka nao. Alikuwa na miaka hamsini na mitano. Alidhani mambo ya kushangaa ameshayamaliza ujanani, alipoona meli ya kwanza isiyo na tanga, na sasa aliona haya kidogo kwa namna moyo ulivyomjaa mbele ya mabati yanayozunguka.

Basi asubuhi moja, katika miaka ile ambayo gari la moshi lilikuwa likienda Bububu, aliingia dukani Thuwaini, mpwa wa Bi Shariffa na msimamizi wa wakfu wake. Baada ya salamu alikaa juu ya kibao cha wageni, akafungua leso, akatoa vipande viwili vya chuma vilivyopinda, vyekundu kwa kutu.

"Unajua hii nini, fundi?"

Simai aliviunganisha vipande. Vilifanya duara lenye pengo upande mmoja, pana kidogo kuliko kifundo cha mkono.

"Kikuku cha maskini," alisema.

Thuwaini hakucheka. "Hiki ndicho kinacholizuia gurudumu lisichomoke. Hiki peke yake."

Akamweleza. Gurudumu lile halikuota pale juu. Limevaa mhimili, nao ni mti wa feleji, chuma kigumu, uliolala, unene wa kigasha cha mtu, na gurudumu limeingizwa humo kama pete inavyoingizwa kidoleni. Karibu na ncha ya mhimili pamechongwa mfuo mwembamba ukauzunguka wote, na ndani ya mfuo huo hukaa pete yenye pengo: unaipanua, unaipitisha kwenye ncha, unaiachia, nayo inajirudi na kuushika mhimili. Upepo ukija mbele, unalisukuma gurudumu nyuma na pete inapumzika. Lakini upepo ukigeuka ghafla, kabla ya mkia wa bati ulio nyuma yake kuwahi kuligeuza gurudumu, mapanga yote kumi na manane yanavutwa kwenda nje, na hapo hakuna wa kuyakataza ila pete.

"Lile gurudumu lote?" Simai aliuliza.

"Lile gurudumu lote."

Simai aliviangalia tena vile vipande viganjani mwake. Havikufikia uzito wa bangili mbili za bibi harusi. Alijiona kama mtu aliyeonyeshwa uzi, akaambiwa ndio huu unaoshikilia paa la msikiti.

Kuhusu ajali mji mzima ulikuwa na habari. Wiki tatu nyuma chumvi ya hewa ilikuwa imeshaila pete ya chuma mpaka ikabaki kama jani kavu, na siku upepo ulipogeuka ilikatika. Gurudumu lilichomoka na Mzee Borafya, aliyekuwa akilitunza, yuko juu na kopo lake la mafuta. Panga moja lilimpiga begani, akaanguka juu ya makuti yaliyorundikwa chini kwa kuezekea, na waliomwona walisema makuti yale ndiyo yaliyomrudishia roho. Bega lake halitainua mkono tena. Gurudumu limenyooshwa, limepandishwa, linangoja.

"Mwaka jana nilileta pete za feleji," Thuwaini alisema. "Zinajirudi vizuri sana, lakini miezi mitatu tu ya hewa yetu, zinaanza kulika. Mimi nataka kitu kinachojirudi na kisichoshika kutu."

"Hakuna feleji isiyoshika kutu?"

"Tangu mwaka jana nimeandika barua kwa kila mwenye kiwanda niliyepata jina lake. Wote wamenijibu hakuna kitu kama hicho. Labda wajukuu zetu wataiona."

Wote wawili wakaifikiria feleji hiyo, nyeupe, inakaa baharini mwaka mzima na kutoka kama ilivyoingia. Simai aliona hata kuifikiria ni kama kuchungulia chumba cha mtu.

"Na nani atapanda badala ya Mzee Borafya?"

"Nimempata jana. Hodari, amekulia kwenye milingoti, hana kizunguzungu. Mkweo, Machano."

Simai alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, Kidawa, na Machano ndiye mumewe. Kidawa alikuwa na mimba ya miezi saba. Sonara alivifunga vile vipande viwili vya kutu, akaviweka chini ya mto aliokalia, akasema ataifanya kazi hiyo.

Alasiri Kidawa alikuja mwenyewe. Alikaa mkekani akanyoosha miguu. Ilikuwa imevimba kwa mimba na mitali yake ya fedha ilikuwa inamuumiza. Simai akaushika mtali wa kwanza, akaupanua kidogo kidogo mpaka mguu ukapita, akauachia. Mtali ukajirudi kwa mlio mdogo. Akaupanua tena na kuuachia tena, bila ya sababu, akiusikiliza.

"Baba, ile pete ya gurudumu utaifua wewe?"

"Nimeombwa."

"Basi ifue wewe. Usimwachie mtu mwingine." Alikuwa akijikanda kifundo cha mguu, hakumtazama. "Mimi tokea nlipomwona Mzee Borafya, chakula hakipiti. Nkijua ni mkono wako, ntalala."

Simai alisema vizuri mama, akaushika mtali wa pili.

Alianza kuchagua. Fedha haishiki kutu, lakini fedha ni laini, mtali wenyewe unashika mguu tu, haushiki upepo. Tena kuna watu mjini hapa wangepanda mnara kwa meno ili kuiiba. Shaba nyekundu ni laini zaidi. Chuma amekiona mwisho wake. Feleji ni hivyo hivyo alivyoambiwa. Siku mbili alipima kila kipande kilichokuwa dukani, anakipinda na kukitazama kama kinarudi au kinalala palepale, na kila kilichorudi kilikuwa kinashika kutu, na kila kisichoshika kutu kililala.

Siku ya tatu akakumbuka pande la shaba ya manjano aliloliweka nyuma ya mlango kuzuia lisijifunge. Aliuziwa na mzamiaji wa Kizimkazi aliyelitoa kwenye mabaki ya merikebu iliyozama zamani, haijulikani lini. Bahari ilikuwa imelilaza humo umri wa mtu, na kitu pekee ilichoweza kulifanyia ni kulivika ukijani juu. Simai alilikwangua kwa tupa. Chini ya ukijani mwembamba kama ukucha, shaba ilikuwa nzima, inang'aa.

Akakata ukanda mwembamba, akaupinda. Ulilala. Akaanza kuugonga kwa nyundo juu ya fuawe, ukiwa baridi, bila ya moto, pole pole, kila mahali sawa. Kila sonara anajua kinachotokea: madini ukiyagonga yanakuwa mabishi. Yanakakamaa chini ya nyundo, na ukiendelea yanapasuka, ndiyo maana unayarudisha motoni yakapoa hasira, kisha unaendelea. Miaka arubaini Simai amekuwa akiuona ubishi huo kama maradhi. Safari hii aliuacha. Alipoupinda ukanda tena ulimrudi mkononi kwa nguvu mpaka akashtuka.

Alikaa nao muda mrefu. Mteja alikuja, akakohoa, akaondoka. Kumbe nguvu ile haikutoka kwa shaba. Aliitia yeye, pigo baada ya pigo, na shaba haikulitupa hata moja. Mapigo yote yamo humo ndani, yamekaa kimya, yanangoja kuombwa. Akafikiria vitu vyote alivyovifua maishani kisha akavitia motoni vikasahau, na akahisi hofu njema, ile inayomshika mtu msikitini pakiwa kimya kabisa.

Akafua pete mbili, moja ya kutumia na moja ya akiba. Alizivisha kwenye kipande cha mhimili alicholetewa na Thuwaini, akazipanua na kuziachia mara mia kila moja kwa kuhesabu kwa tasbihi. Hazikuchoka. Kila mara zililia kidogo na kukaa mfuoni. Akamtumia Thuwaini habari, naye akaleta jawabu kuwa Machano atapita kuichukua kabla ya adhuhuri.

Na hapa ndipo Simai alipoharibu, tena kwa wema. Pete ilikuwa nyeusi kwa jasho la mkono na moshi wa duka. Marehemu baba yake, aliyemfundisha kazi, aliwahi kumzaba kofi mbele ya mteja kwa kutoa pete ya ndoa haijaoshwa, na tangu kofi lile hakuna kitu kilichotoka katika kiduka hicho bila ya kuoshwa: unakitia motoni mpaka kiwe chekundu, unakitumbukiza katika maji ya ukwaju, kinalia, kinatoka kimetakata, unakisugua kwa mchanga laini. Kichwa chake kilikuwa kinamfikiria Kidawa atakavyolala usingizi. Mikono ikafanya yake. Mimi simcheki, mikono iliyozoea jambo miaka arubaini haigongi mlango ikitaka kulifanya.

Machano alipokuja pete ilikuwa imeshafungwa katika pamba, na ukiitazama ungesema inakwenda kuvaliwa na malkia. Aliipokea kwa mikono miwili, kichwa chini, kama inavyompasa mtu mbele ya mkwe wake. Alikuwa kijana mrefu mwenye viganja vigumu kwa kamba, na katika miaka miwili ya ndoa yake Simai hakumbuki kumwona akimtazama machoni.

"Imependeza, baba," alisema.

"Iende kwa salama."

Ikaenda. Siku hiyo hiyo gurudumu lilianza kuzunguka, maji yakatoka, na habari ikafika mjini kuwa pete ya Simai inang'aa juu ya mnara hata mtu wa chini anaiona. Siku mbili watu walipita dukani kumpa mkono.

Siku ya tatu asubuhi alikuwa hana kazi ya haraka, akaichukua pete ya akiba aimalizie. Kwanza aliipanua kwa koleo, kwa kufurahi tu kuisikia. Ikalia, ikajirudi. Akaitia motoni, akaitumbukiza kwenye ukwaju, akaisugua mpaka ikatakata, kisha akaipanua tena.

Haikulia. Ilibaki wazi vile vile alivyoiacha. Akaibana kwa vidole, ikafumba. Akaipanua kwa vidole hivyo hivyo, ikafumbuka, laini kama bamia iliyochemka. Akaitazama, akalitazama bakuli la ukwaju, na mambo yote yakamjia kwa mara moja: moto umeisahaulisha kila pigo alilolitia. Na ile nyingine, dada yake, iko juu ya mnara, na chini yake amekaa mume wa mwanawe.

Aliondoka bila ya kufunga duka. Alivuka daraja, akaingia Ng'ambo, akapita baina ya vibanda, mzee wa miaka hamsini na mitano na kanzu imekunjwa kiunoni, na watu waliomsalimu hawakujibiwa. Ilikuwa siku zile za baina ya misimu, upepo hauna msimamo. Unamsukuma mgongoni, mara unamkuta usoni. Kila ulipogeuka aliongeza mwendo.

Alipofika Kikwajuni gurudumu lilikuwa linazunguka kwa kasi na Machano yuko juu, amekaa kwenye ubao chini ya kitovu chake, kopo la mafuta mkononi. Simai alimwita. Kelele za bati na fimbo zikaimeza sauti yake. Wanawake wa kisimani nao wakaita, mmoja akatikisa leso, na Machano akadhani anasalimiwa, akawapungia mkono. Ulikuwapo zamani mnyororo wa kulifunga gurudumu kutoka chini, lakini ulikatika siku ile ya Mzee Borafya na mwingine ulikuwa bado haujafika. Mtu wa kulifunga ilikuwa lazima awe juu.

Simai akashika ngazi ya chuma, akapanda.

Hakuwahi kupanda kitu kirefu kuliko dari ya nyumba yake. Vidato kumi vya mwanzo alipanda kwa hasira, kumi vya pili kwa dua, na baada ya hapo hakujua anapanda kwa nini, miguu inatetemeka na mnara wenyewe unatetemeka, na mitetemo hiyo miwili haikubaliani. Hakutazama chini. Alipofika kwenye ubao Machano aligeuka, na kopo likamponyoka.

"Baba? Umefuata nini huku?"

Simai alikuwa hana pumzi ya kujibu. Aliinua uso, na kwa kitambo, Mungu amsamehe, alisahau alichokijia. Gurudumu lilikuwa limeifunika nusu ya mbingu. Lilipita mbele ya macho yake panga baada ya panga, na kila panga lilimpiga usoni kwa upepo wake, na nyuma ya mapanga hayo mji ulionekana wote, mapaa yake na minara ya misikiti, na bahari nyuma yake haina mwisho, na upepo wote wa bahari hiyo ulikuwa unakuja kupita hapa, kwenye kitovu kimoja, kwenye mhimili mmoja. Hakujua kuwa dunia ina nguvu nyingi kiasi hicho na inazitumia bila ya kusema. Machozi yalimtoka, na si ya woga peke yake.

Kisha akaiona pete. Ilikuwa kitu kizuri kuliko vyote katika mnara ule, inang'aa kama dhahabu, na imefumbuka. Upande mmoja ulikuwa umeshatoka mfuoni. Upepo ukalegea, ukageuka, na mbele ya macho yake gurudumu zima likasogea nje kwa upana wa kidole, likaisukuma pete, likarudi.

"Lifunge," alisema. "Pete imekwisha. Lifunge sasa hivi."

Machano hakuuliza. Alikuwa mtu wa milingoti. Alingoja mapanga yapungue kasi, akatupa kitanzi cha kamba, akalinasa moja, akajizungusha na kuifunga kamba kwenye nguzo. Gurudumu likapiga kelele, likavuta, likasimama. Akaibana pete kwa koleo ikarudi mfuoni, kisha akakipitishia kitovu kamba nyingine mara sita na kukifungia mnarani. Upepo uligeuka tena na kamba zikalia. Simai alikuwa ameushika mhimili ili asianguke, na kiganjani mwake alihisi gurudumu lote likitaka kwenda, kama ng'ombe anayevuta kigingi.

Kulipokuwa kimya aliuliza, "Ulipoitia, hukuisikia laini?"

Machano aliinamisha kichwa.

"Nakuuliza, Machano."

"Nliisikia, baba. Haikujirudi yenyewe. Nliibana kwa koleo."

"Mbona hukuniambia?"

Kijana alijifuta mafuta viganjani, huko juu, baina ya mbingu na minazi. "Wewe mkwe wangu," alisema. "Kazi ya mkono wako mimi niipime? Nlisema mwenyewe anajua alichokifanya."

Siku tatu. Siku tatu amekaa juu ya pete aliyoisikia kwa vidole vyake kuwa ni laini, kwa adabu. Simai alitaka kumgombeza na akaona hana ulimi wa kumgombezea. Adabu hiyo ndiyo aliyoitaka yeye alipokubali kumwoza binti yake. Aliisifu mbele za watu. Aliona aibu iliyomfika mpaka kwenye nyayo, na chini ya aibu hiyo hofu, maana alijua sasa kuwa hata akifua pete mpya leo, na hata akikosea tena, kijana huyu ataipokea kwa mikono miwili na kupanda nayo.

Walishuka. Gurudumu lilikaa limefungwa, na wanawake wakarudi kuvuta maji kwa kamba, na waliyoyasema kuhusu masonara si ya kuandikwa. Simai alimweleza Thuwaini ukweli. Kisha akaenda kwa Kidawa, ingawa Machano alikwisha kumwambia si lazima mwanamke ajue.

Kidawa alimsikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa mgumu, na baba yake hakuthubutu kukaa.

"Yeye alijua?" aliuliza.

"Alijua. Akaniheshimu."

Kidawa aliikunja miguu yake iliyovimba. "Mimi nlilala usingizi siku hizo tatu," alisema, na sauti ikamkatika. "Mwambie asikuheshimu, baba. Mwambie mwenyewe. Akiambiwa na mimi hatasikia."

Siku nne alifua. Safari hii bakuli la ukwaju alilitoa nje kabisa, akampa jirani. Pete ilitoka nyeusi, ina alama za nyundo kila mahali, kitu ambacho baba yake angekizabia makofi mawili. Akamwita Machano aje dukani mchana, si uchochoroni, na wateja wamekaa. Akaivisha pete kwenye kipande cha mhimili, akamwekea koleo mbele yake.

"Ipime."

Machano aliitazama. "Nzuri, baba."

"Hujaipima."

Kijana alichukua koleo, akaipanua mara moja, kidogo, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha wageni. Ikajirudi. "Nzuri."

"Machano, nsikilize." Simai alishuka kwenye mto wake, akakaa chini sakafuni, sawa naye. Wateja waliacha kuzungumza. "Mimi nlikaribia kukuua, na wewe ulikaribia kunsaidia. Utakayekuwa juu ni wewe. Leo hapa mimi si mkwe wako, ni fundi aliyekosea mara moja na anaweza kukosea tena. Ipime kama iliyoletwa na adui yako."

Machano alilishika koleo vizuri. Jasho lilimtoka. Kisha akaipanua mpaka mwisho, akaiachia. Akaipanua, akaiachia. Alipofika hamsini aliacha kuona haya na akaanza kufanya kazi. Aliipiga ubavuni kwa kipini cha koleo, aliizungusha mfuoni, aliivuta nje kwa kucha. Ilimkataa kila mara. Watu wakaanza kutikisa vichwa kwa kuridhika, na mzee mmoja akasema mashallah. Machano hakuwasikia. Alikiinua kipande cha mhimili kwenye mwanga wa mlango, akafumba jicho moja, akaangalia mahali pete inapokutana na feleji, akakigeuza kidogo kidogo mpaka kikamaliza duara.

Kisha akakishusha. Aliinua uso wake na akamtazama Simai machoni.

"Hapana, baba," alisema. Sauti yake ilitetemeka lakini haikurudi nyuma. "Upande huu haikugusa chini ya mfuo, pana mwanga unapita. Hii sipandi nayo."

Mzee wa mashallah aliangalia sakafu kwa kumwonea haya sonara. Simai amesifiwa na mabibi wa majumba makubwa, amepewa mikono na mabwana, na hakuna neno hata moja katika hayo lililowahi kumwingia kama hilo. Lilimjaa kifua chote. Alitaka kusema kitu na akaona akifungua mdomo atalia, mbele ya wateja, kwa furaha ya kukataliwa.

Aliichukua pete, akasogeza fuawe, akapisha nafasi pembeni yake juu ya mto.

"Nionyeshe wapi," alisema.

Machano akakaa karibu naye, akainama, akamwonyesha kwa ncha ya kidole.